Anatafutwa Asiyejua

*(Tangazo lililobandikwa kwenye kibanda cha fundi simu, sokoni Mtwara)*

Rahaleo, 20 Mei 2024

Kwa yeyote asiyejua,

Natafuta mtu wa kujifunza naye kutengeneza magemu ya kimashine cha mkononi, kile kidogo chenye kioo na batani, kinachoenea kiganjani. Ninacho kimoja. Mwanangu alikiacha hapa nyumbani pamoja na kitabu chake. Gemu linaandikwa humohumo ndani, maagizo mstari kwa mstari.

Sharti langu ni moja tu: usiwe unajua. Wanaojua nimeshawajaribu. Mmoja alinipokonya kimashine mkononi, akasema "subiri mama, hivi tu," akabonyezabonyeza, akanirudishia, sikuona kitu. Mwingine aliniuliza kwa umri wangu magemu ya nini. Nimechoka kufundishwa na watu wenye haraka. Namtaka mjinga mwenzangu, tukosee wote, tusichekane.

Ukiwa tayari andika barua, mwachie fundi. Usinipigie simu.

Mwalimu Sabina

---

Kilambo, 4 Juni 2024

Mwalimu Sabina,

Asalaam aleikum, na kama wewe ni wa kanisani basi Tumsifu, yote ni salamu.

Tangazo lako nimelisoma nikimsubiri fundi abadilishe kioo cha simu. Nikamwambia, huyu mama ananitafuta mimi. Sijui kabisa, mwalimu. Kutojua kwangu kungekuwa mtihani ningefaulu kwa daraja la kwanza.

Naitwa Mustafa, mkulima wa korosho na muhogo, Mmakonde wa hapahapa. Zamani nilikuwa nafungua redio za watu na kuzifunga. Nyingine ziliimba. Nyingine, nikimwona mwenye redio anakuja nilikuwa nakata kona. Mke wangu Mwanaisha kaniuliza, mzee mzima gemu la nini? Nimemwambia nataka kujua mle ndani mna nini, basi.

Kwa simu hata mimi sikushauri. Huku mtoni simu inadaka mtandao wa Msumbiji, ukisema haloo tu salio limekwenda ng'ambo. Barua na kimashine mpe Idrisa, dereva wa gari la Kilambo. Ni mtu mwaminifu, ila ana maswali mengi.

Nikichelewa kujibu usinielewe vibaya. Tunapuliza salfa kwenye mikorosho. Nikirudi shambani macho yanawaka, naona herufi mbilimbili.

Wako asiyejua,
Mustafa

---

Rahaleo, 12 Juni 2024

Bwana Mustafa,

Ala! Mmakonde? Mimi Mmwera wa Nachingwea, na mume wangu vilevile. Kumbe nimemtafuta mjinga mwenzangu nikampata mtani, mla panya. Sasa sijui kama kimashine changu kitarudi au kitaishia kwenye mchuzi.

Namkabidhi Idrisa. Kaniuliza kama ni dawa, nikasema ni kazi ya shule. Sikia nilichokifanya. Gemu letu ni la korosho, maana ndicho kitu ambacho kila mtu huku anakijua. Mkorosho uko juu ya kioo, korosho inaanguka, chini kuna kikapu kinaidaka. Kikapu nimeshaandika mimi. Kinakwenda kulia chenyewe, ukibonyeza batani kinageuka kushoto, ukibonyeza tena kinarudi. Nimeandika pia ikitokea korosho haikudakwa ifanyeje. Imenichukua majuma. Kila nikikaa, naitwa. Naandika mstari, naamka, nikirudi nimesahau ule mstari ulikuwa unasema nini.

Wewe andika korosho ianguke.

Neno moja tu la kushika: mchezo wote utumie batani moja. Ile kubwa ya kulia. Nyingine zote zisifanye kitu. Usiniulize kwa nini. Ninaye mwanafunzi, ndiye atakayelicheza.

Sabina

---

Kilambo, 21 Juni 2024

Mtani Sabina,

Idi imepita salama. Panya tulikosa, tukala mbuzi.

Kimashine kimefika. Idrisa kakifungua njiani, kacheza na kikapu chako mpaka Kitaya, anasema kinageuka vizuri. Mimi nimekaa nacho uani, mikono inanuka salfa, Mwanaisha ananiambia nitaunguza betri kwa harufu. Mara ya kwanza korosho haikuanguka. Mara ya pili ikaanguka kabla sijabonyeza kitu. Mara ya tatu kioo chote kikawa cheusi, nikajua nimeua mali ya watu, nikakata shauri nihamie Msumbiji. Kikawaka chenyewe. Sasa inaanguka.

Lakini mtani, nani alikudanganya? KOROSHO HAIDAKWI! Korosho inakomaa, inaanguka yenyewe na bibo lake, unaikuta chini, unainama, unaokota. Mtoto wa darasa la kwanza huku analijua hilo. Mmwera peke yake ndiye anayekwenda kusimama chini ya mkorosho na kikapu kichwani, mdomo wazi, anasubiri. Jioni mwenzie anarudi na gunia, yeye anarudi na shingo inauma. Na mumeo naye ni walewale? Basi mpelekee salamu, mwambie aamke akaokote, msimu haumsubiri mtu aliyelala.

Halafu batani moja! Kimashine kina batani chungu nzima, wewe unataka moja. Nyie Wamwera mnaogopa nyingine zitawauma?

Jaribu uniambie.

Mtani wako,
Mustafa

---

Rahaleo, 3 Julai 2024

Mtani Mustafa,

Nimejaribu. Korosho inaanguka vizuri. Ikiingia kikapuni, sawa. Isipoingia inagusa chini, inasimama kidogo, halafu inapanda. Inarudi juu taratibu mpaka mtini, inakaa kwenye tawi. Sijui nani kati yetu kakosea na sijui wapi.

Lakini nakuomba usiiguse, na nitakwambia sababu. Mwanafunzi niliyekutajia si mwanafunzi. Ni mume wangu, Baba Innocent, jina lake Frank. Alikuwa dereva wa kreni bandarini. Mwezi wa kwanza kiharusi kilimwangusha bafuni. Kuongea ni kidogo sana, maneno hayatoki. Upande wa kulia unarudi pole pole, na kilichorudi cha kueleweka ni kidole gumba. Muuguzi anasema akitumie kila siku, la sivyo na chenyewe kitalala. Nimempa mpira afinye, kautupa. Nimempa rozari, kaiacha. Magemu ya dukani yote yanataka mikono miwili. Ndiyo maana ya batani moja.

Jana nilikuwa nimekaa pembeni yake kitandani, barua yako mkononi, yeye ana kimashine. Mara nikamsikia anacheka. Mustafa, amecheka! Mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Nikaangalia kioo, korosho inapanda mtini. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa kwanza. Nilikwenda jikoni nikalia huko, nisimharibie.

Basi iache hivyohivyo. Nakuletea upanue kikapu tu, maana kidole kinachelewa.

Sikukwambia mapema kwa sababu nimechoka kuambiwa pole. Hapa nyumbani kila kitu nakijua mimi: dawa gani, saa ngapi, ageuzwe vipi, nani kalipia nini. Nilitaka mahali pamoja ambapo sijui, na mtu ambaye hanionei huruma.

Sabina

---

Kilambo, 15 Julai 2024

Mheshimiwa Mwalimu Sabina,

Nimepokea barua yako kwa masikitiko makubwa. Pole sana, mama yangu. Mimi na familia yangu tunakupa pole, na tunamwombea mzee wetu Mwenyezi Mungu amjaalie nafuu ya haraka. Mwanaisha amelia.

Naomba radhi kwa maneno yote ya kipuuzi niliyoyaandika. Nilimwambia mgonjwa aamke akaokote korosho. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Haitajirudia.

Kikapu nimekipanua. Nimeona pia siwezi kumpelekea mgonjwa kitu kibovu, kwa hiyo ile kasoro ya korosho kupanda nimeitafuta juma zima nikaiondoa. Sasa ikianguka inakaa chini kama inavyotakiwa. Ni zawadi yangu ndogo kwa mzee.

Nawatakia kila la heri.

Wako mtiifu,
Mustafa

---

Rahaleo, 24 Julai 2024

Mustafa,

Nilikuandikia usiiguse. Nilikuandikia kwa Kiswahili.

Juzi nimemsomea barua yako, nimempa kimashine. Korosho imeanguka, imekaa chini. Ya pili imeanguka, imekaa chini. Akakiweka kifuani, akageukia ukutani. Tangu hapo ukimshikisha anakiachia. Muuguzi kaniuliza, mama, mazoezi ya kidole mmeacha? Nimemwambia hatujaacha. Nimemdanganya mtu wa watu.

Kitu kimoja tu katika nyumba hii kilikuwa kinamchekesha, nawe umekitengeneza kikapona.

Kirudishe kama kilivyokuwa. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Sabina

---

Kilambo, 5 Agosti 2024

Mwalimu Sabina,

Nisamehe. Sina cha kujitetea.

Kwanza sikujua nikirudishe vipi. Nilikuwa nimefuta mistari, na sikumbuki nilifuta ipi. Kukosea nilijua, kukosea kwa makusudi kumenishinda. Nimejaribu, korosho ikaenda pembeni. Nimejaribu tena, ikatoka nje ya kioo ikapotea. Macho yamevimba, nimekwenda nayo hivyohivyo.

Halafu nikaelewa. Wewe uliandika, korosho isipodakwa irudi sifuri. Kwako sifuri ni ardhini, kwa hiyo ulitaka ikae chini. Lakini kimashine kinahesabu kuanzia juu kwenda chini. Sifuri yake ni kule mtini. Umekiambia irudi sifuri, kikatii, kikaipandisha.

Nimeirudisha. Inapanda kama zamani, nimeipima sana. Nawaombea heri na afya njema.

Wako mtiifu,
Mustafa

---

Rahaleo, 19 Agosti 2024

Bwana Mustafa,

Asante. Inapanda.

Ameiangalia ikipanda. Ameiangalia mara nyingi tu, nilikuwa namshikia mimi. Hakucheka. Hakukasirika pia. Alitazama kama mtu anayesubiri gari ambalo anajua halitakuja.

Tuache, Mustafa. Wewe una shamba, mimi nina ya kwangu. Watu wanakuja hapa, wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye kochi, wananong'ona. Wananiuliza mimi, "anaendeleaje?" na mwenyewe yupo palepale anawasikia. Wakiondoka natandika vitambaa vya kochi upya. Nimechoka mpaka nimechoka kusema nimechoka. Nilidhani tukijifunza pamoja kitapatikana kitu. Nimejifunza sifuri iko wapi. Inatosha.

Kimashine nimekifunga kabatini. Msalimie Mwanaisha.

Sabina

---

Kilambo, 2 Septemba 2024

Mwalimu Sabina,

Umesema tuache na mimi si mtu wa kukulazimisha. Ila tulikubaliana tukosee wote, na naona bado kuna kosa moja hatujalipata.

Redio iliyoimba jana na leo haiimbi, sikuwa naanza kwa kuifungua. Nilikuwa namuuliza mwenyewe: jana ilikuwa wapi? Juu ya meza? Dirishani? Nani alikuwepo? Mara nyingi redio nzima, kumbe jana ilikaa karibu na bati, bati likaidakia mawimbi.

Kwa hiyo nakuuliza kama nisiyejua. Siku ile aliyocheka, niambie yote. Sio korosho tu. Alikaa vipi, nani alikuwepo, ulikuwa unafanya nini wewe. Usiache kitu kwa kuona hakina maana.

Mustafa

---

Rahaleo, 10 Septemba 2024

Mustafa,

Haya. Nakujibu kwa sababu umeuliza kama unayetaka kujua, si kama unayenipa pole.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alikula uji wa muhogo, nusu bakuli. Nilikuwa nimemwegemeza kwa mito miwili, dirisha wazi, jirani anaponda kisamvu. Hapakuwa na mgeni. Kimashine kilikuwa mkononi mwake, anabonyeza, anakosa, anabonyeza. Muuguzi alisema niwe naongea naye hata kama hajibu. Mimi sina tena cha kumwambia ila "geuka" na "meza". Kwa hiyo barua zako nilikuwa namsomea kwa sauti, zijaze chumba. Nilikuwa nasoma ile ya Idi. Nilikuwa nimefika pale pa Mmwera aliyesimama chini ya mkorosho, mdomo wazi, kikapu

Mustafa, nimesimamisha kalamu hapa.

Hakucheka korosho. Nilikuwa nimefika kwenye kikapu kichwani na shingo inauma. Nikasoma "mumeo naye ni walewale, mwambie aamke," ndipo nikasikia mabega. Nikanyanyua macho nikaona kioo, nikadhani ni kioo.

Ni wewe. Alikuwa anakucheka wewe! Nyumba hii yote, padri, ndugu, wenzake wa bandarini, hata mimi mkewe, tunaongea juu yake kama maiti iliyochelewa kuzikwa. Mtu mmoja tu tangu mwezi wa kwanza alimwita mvivu. Halafu mimi nikakwambia anaumwa, nawe ukaingiwa na adabu. Barua yako ya pole ndiyo niliyomsomea siku aliyogeukia ukutani. Tulibadilisha vitu viwili kwa pamoja, korosho na wewe, tukahangaika na korosho.

Mtani, nakuomba na usinionee aibu. Mtukane mume wangu.

Sabina

---

Kilambo, 18 Septemba 2024

Kwa Frank, Mmwera, uliyelala Rahaleo,

Asikwambie mtu kwamba hii ni barua ya kukupa pole. Nilikupa pole mwezi wa saba, nimeigharamia kalamu na karatasi, na sasa naidai.

Nasikia umelala tangu mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza! Sisi huku tumepalilia, tumepuliza salfa mpaka tumekuwa vipofu, sasa korosho zinaanza kuanguka, wewe bado uko kwenye mito miwili unalishwa uji wa muhogo. Na huo muhogo nani aliwafundisha kuupika? Ni Mmakonde. Nyie mlikuwa mnauangalia tu.

Mkeo kakutengenezea gemu la batani moja. Moja, Frank! Ulikuwa unainua makontena ya meli kwa mikono hiyo, leo korosho imekushinda. Nimeambiwa unakosa kumi unadaka mbili. Mjukuu wangu kilipokuwa huku alidaka zote, na ana miaka minne, na alicheza huku anakula. Kama kidole kimegoma niambie, nimlete Idrisa akubonyezee, yeye hana kazi.

Watu wanakunyamazia kwa sababu wanakuheshimu. Mimi sikuheshimu, mimi ni mtani wako. Siku ukifa nitakuja kuchukua kuku wako wote na shati lako la Jumapili, ni haki yangu, hakuna wa kunizuia. Lakini nimechungulia nikaona bado hujafa, unajilalia tu. Sasa na mimi nisubiri kuku mpaka lini? Amua moja.

Nijibu mwenyewe. Asikujibie mwanamke. Nimeshachoka kuandikiana na mkeo, mwalimu yule, anasahihisha.

Wako asiyekuonea huruma,
Mustafa

---

Rahaleo, 6 Oktoba 2024

Mtani Mustafa,

Nimemsomea mara moja. Akanyoosha kidole, nimsomee tena. Nilipofika kwenye kuku alicheka mpaka nikaogopa nikataka kumwita muuguzi. Halafu akaonyesha kabati.

Hakutaka korosho. Aliisukuma. Ilinichukua muda kuelewa anataka nini, na siku hizo nilikuwa hoi, shule wana mitihani, usiku sijalala. Basi nikakaa na kitabu nikaandika kitu kidogo peke yangu, wewe hukuwepo nikakusema sana. Herufi zinapita chini ya kioo, moja moja, polepole. Ikifika anayoitaka, anabonyeza, inabaki. Batani moja. Inakosea kidogo: ukibonyeza kwa nguvu inaandika mara mbili. Naiacha hivyo.

Alianza asubuhi. Chakula cha mchana alikikataa, kasukuma kijiko kwa mkono ule wa kulia, mkono wote. Ndugu zake walikuja, wakavua viatu, wakaanza kunong'ona, nikawaambia nyamazeni kabisa, mtu yuko kazini. Jua limeanza kushuka ndio amemaliza.

Nimenakili kama ilivyo kwenye kioo, sijasahihisha.

Sabina

*NIMELALA SIJAFA MLA PANYYA WEWE*
*KUKU HUPATI*
*NJOO*
*FRANK*